Magoli ya Kuazima

Walisema sitaweza hata kutengeneza toroli. Walisemea kwenye kijiwe cha kahawa, Ujiji, nikiwa nimesimama hapo hapo, kana kwamba miaka yangu ya Uarabuni ilinitia uziwi. Aliyeanza alikuwa mwenyekiti wa timu ya mpira ya mtaani kwetu, mnunuzi wa samaki, mtu anayechokonoa meno kwa njiti ya kiberiti kisha anaitazama ile njiti kuona amepata nini.

"Injinia," akaniita, "hilo gari lako la mchangani litakuwa na usukani, au utakuwa unalisukuma kwa kifua?"

"Litakuwa na usukani, mzee."

"Basi limetuzidi. Sisi tulitegemea toroli, na hata hilo toroli tulikuwa na wasiwasi nalo."

Wakacheka. Mmoja alipaliwa na kashata, akaitema karibu na kiatu changu. Sikuusogeza mguu. Niliitazama ile kashata iliyotafunwa, nikajiambia kwamba siku moja watu hawa watanipisha njia.

Mimi nina stashahada ya ufundi mitambo. Niliisomea jioni, Dar es Salaam, baada ya kushinda mchana kutwa chini ya malori, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kisha nikaenda Uarabuni, kwenye karakana ya magari ya mchangani: fremu ya mabomba, viti viwili, matairi mapana, injini nyuma. Watoto wa matajiri walikuwa wakiyapandisha vilima vya mchanga kwa starehe na kuyavunja, nami nayaunga. Nilirudi Kigoma kwa hiari yangu. Nasema hivyo kwa sababu Ujiji mtu akirudi watu hudhani amefukuzwa.

Nilirudi na wazo. Kusini, ukishapita Ilagala, kuna mwalo ambako mitumbwi hushusha migebuka wazuri kuliko wote ninaowajua. Lakini kati ya mwalo ule na barabara kuna mchanga laini usiobeba gari wala pikipiki. Samaki hubebwa kichwani kwa matenga, juani, na wakifika barabarani macho yameshaingia ndani na mbavu zimelegea. Hapo ndipo mwenyekiti alipokuwa akiwasubiri. Kila mara aliinama, akanusa, akakunja uso na kusema, "Hawa wameharibika," kisha akawanunua kwa bei ya kuharibika. Mama yangu alikuwa mmoja wa wanawake waliobeba matenga hayo kwa miaka mingi. Maji ya samaki yalimchuruzikia shingoni. Utotoni nililala kando ya harufu ile, na hadi leo nikiisikia nageuza uso.

Akiba yangu ilikuwa imeishia kwenye bati la nyumba ya mama. Gari ningelijenga kwa vitu vya kuazima, basi. Tatizo ni kwamba hakuna anayemwazima aliyerudi. "Huyu kesho atapanda treni," walisema. Wakamwazima mama. Kila kilichoingia kwenye gari lile kiliingia kwa jina lake. Aliniambia mara moja tu, akipembua mchele:

"Mimi sina stashahada, baba. Nina neno langu. Usinivunjie."

Injini ilitoka Buzebazeba, kwa mjane mmoja mzaliwa wa Burundi, rafiki wa mama. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kipanya cha abiria alichokiacha marehemu mumewe, matairi yameoza, na ndani wanalala kuku. Nilipofungua mlango hewa iliyotoka ilikuwa nzito kama ya shimo la choo. Kinyesi kilikuwa kimeganda juu ya viti, na injini, ambayo kwenye kipanya iko chini ya kiti cha dereva, ilikuwa imefunikwa na manyoya, mayai viza na panya aliyekauka.

"Nyabuna," mjane alinisihi kwa Kirundi chake, "uwatoe kuku wangu taratibu."

Niliwatoa taratibu. Nilitapika pia, taratibu, nyuma ya mgomba. Kisha nikatoa injini, giaboksi na ekseli ya nyuma kwa mikono yangu, nikaviosha kwa mafuta ya taa hadi chuma kikaonekana. Fundi yeyote wa mjini angesema injini ile imekufa. Mimi niliiwasha siku hiyo hiyo ikiwa juu ya matofali, na kuku wote wa mtaa wakakimbia.

Mashine ya kuchomelea ilitoka kwa binamu wa mama, Bangwe. Yakabaki mabomba ya fremu.

Miaka ile ziwa lilikuwa limepanda. Lilimeza mialo, vibanda, vyoo, na kiwanja cha mpira cha mtaa wetu kikawa sehemu ya ziwa. Magoli mawili ya chuma yalibaki yamesimama majini, yamevaa ukoga wa kijani, konokono, na nepi za watoto zilizonasa kwenye pembe. Mabomba yale yalikuwa mazito, ya zamani, kuta nene. Nilipoyaona nilijua hiyo ndiyo fremu yangu. Ikabidi twende kwa mwenyekiti.

Alitupokea barazani akiwa na njiti yake mdomoni. Mama alimweleza.

"Mimi simwazimi injinia," akasema. "Nakuazima wewe, mama. Na ujue nakuazima, sikupi. Ziwa likirudi nyuma, magoli yarudi."

"Yatarudi."

"Yasiporudi?" Akawageukia vijana waliokaa karibu naye. "Yasiporudi mama atasimama golini mwenyewe. Mkono huku nguzo, mkono huku nguzo."

Vijana wakaangua kicheko. Mama hakucheka wala hakununa. "Yatarudi," akasema, "na hayatarudi matupu."

Alisema hivyo kwa mazoea. Kwa mama sahani ya jirani haikurudi tupu hata siku moja. Hata ungo aliuwekea karanga kidogo ndipo aurudishe. Lakini goli utaliwekea nini? Sikuliwaza hilo. Nilikuwa majini hadi kiunoni, nakata nguzo kwa msumeno, na nepi ya mtoto nisiyemjua imenigusa mkono.

Kazi ya kukunja mabomba ndiyo ninayojivunia kuliko zote. Sikuwa na mashine ya kukunjia. Nilijaza mchanga mkavu ndani ya bomba, nikaushindilia, nikaziba ncha zote mbili, nikachoma bomba kwa mkaa hadi likawa jekundu, kisha nikalikunja kwenye kisiki cha mchikichi. Bomba tupu likikunjwa hubonyea kama mrija. Lililojaa mchanga hukubali. Mchanga ule ule uliokuwa ukiwashinda wote ulinifanyia kazi. Waliokuja kutazama waliita fremu ile tenga la kuku. "Kaka, kuku wanaingilia wapi?" Wengine walikojoa ukutani mwa karakana yangu na kuniuliza habari za Uarabuni huku wakikojoa.

Siku ya kulijaribu gari, mtaa mzima ulikuja ufukweni, mama akiwa mbele amevaa kanga yake mpya. Nilikuwa nimeliacha gari hapo, nikaingia karakanani kunawa mikono. Niliporudi nikapanda, nikatia gia, nikakanyaga mafuta. Gari lilikwenda mwendo wa mbuzi aliyefungwa, kisha matairi ya nyuma yakachimba na kuzama hadi kwenye ekseli. Mchanga wenye magamba ya dagaa ukaruka na kuwapiga watu usoni. Kicheko kikapanda. Mwenyekiti alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akipiga makofi polepole.

"Mama!" akaita. "Anza kunyoosha mikono!"

Nikashuka, nikapiga tairi teke. Lilikuwa gumu kama jiwe.

"Nani amegusa matairi?"

Kijana mmoja wa pikipiki, pampu ikiwa bado begani, akasogea akitabasamu. "Ni sisi, mzee baba. Yalikuwa yameishiwa upepo, tukakusaidia. Bure kabisa, hatudai."

Hilo ndilo kosa la mji wetu. Kila dereva wa Kigoma akiona mchanga hujaza upepo hadi tairi lilie, kwa sababu baba yake alijaza na babu yake alijaza, na wote walikwama. Ule upepo nilikuwa nimeutoa mimi mwenyewe, kwa makusudi. Tairi likilegea linatanda, linakanyaga mchanga kama wayo wa ngamia. Sikuwaeleza. Nilizunguka gari, nikabonyeza vali moja baada ya nyingine, upepo ukatoka kwa mlio mrefu, na watu wakazidi kucheka.

"Analitoboa mwenyewe!" mmoja akapiga kelele. "Joto la Uarabuni limempanda kichwani!"

Nikapanda. Gari likatetemeka, likajinyanyua kutoka shimoni, likapanda juu ya mchanga na kuondoka. Nilikwenda hadi mwisho wa ufukwe, nikageuza, nikarudi kwa kasi nikielekea pale penye mtumbwi uliopinduliwa. Mwenyekiti aliruka. Njiti ilimtoka mdomoni. Hakuna aliyemcheka, watu hao hao, kwa sababu wao humcheka aliye chini tu. Muda si mrefu walikuwa wananipiga mgongoni na kusema walijua tangu mwanzo. Nilitamani kwenda kuoga.

Tangu siku ile migebuka walifika barabarani wakiwa na macho angavu. Wanawake wa mwaloni waliuza kwa bei ya samaki, si kwa bei ya mzoga. Mwenyekiti aliinama, akanusa, akalipa.

Kisha ziwa likarudi nyuma.

Kiwanja kilitokea kidogo kidogo, kikiwa tope jeusi lenye uvundo, halafu kikakauka. Watoto na vijana wakaanza kucheza kwa kuweka mawe mawili. Kila shuti lililopita juu lilizua ugomvi, goli si goli, na kila ugomvi uliishia kwa mtu kupiga kelele, "Kamuulizeni mama wa injinia!" Njia ya mama ya kwenda sokoni ilikata katikati ya kiwanja kile tangu sijazaliwa. Akaanza kuzunguka kwa nyuma, kwenye mtaro wa maji machafu, ameinua kanga, anaruka matapishi ya watu. Sikuambiwa. Nilimwona.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa mwenyekiti. "Mzee, nitakuletea mabomba mapya kutoka mjini. Mazuri kuliko yale."

"Sikuwaazima mapya," akasema, na safari hii alitabasamu kwa meno yote. "Niliwaazima yangu. Cha kuazima hurudi chenyewe. Muulize mama yako, yeye anajua maana ya neno."

Alijua kabisa mabomba yako wapi. Yalikuwa kichwani na kifuani mwa gari lililomnyang'anya samaki wa bei ya mzoga. Alitaka nilivunje. Nilimweleza mama, nikitegemea atakasirika pamoja nami.

"Neno ni lake," mama akasema. "Na ni langu."

Nilinunua mabomba mapya kwa pesa ya kazi ya gari, nikayakunja, nikajenga fremu ya pili. Ya kwanza niliikata. Kila bomba nililichoma tena, nikalinyoosha kwa nyundo juu ya reli chakavu, nikaunga kipande kwa kipande hadi nguzo zikarudi urefu wake, nikasaga viungo, nikapaka rangi nyeupe. Mpaka leo sijaona mtu wa kunionyesha nilipounga. Mafundi wa mjini wamepapasa, wakakosa. Lakini niliifanya kazi ile kwa hasira na kinyaa, nikinusa ukoga wa ziwa uliokuwa bado unaungua ndani ya chuma.

Ilipofika siku ya kurudisha, mama alisema tuwarudishie wote kwa siku moja, apumzike. Asubuhi tulipeleka mashine Bangwe, na juu yake pakiti ya vijiti vipya vya kuchomelea. Tukapita Buzebazeba. Mjane hakutaka injini yake, alitaka injini yoyote ya kuuza. Nikamshushia nyingine, na kwa ajili ya kuku tenga jipya. Alinishika mikono yote miwili. Huyo pekee ndiye niliyefurahi kumrudishia.

Mchana magoli yakasimama. Watu walijaa, mwenyekiti akazunguka kila nguzo, akaigonga kwa kucha, akapima kwa kamba. Alipokosa dosari akasema, "Haya, ni yenyewe."

"Bado," mama akasema.

Akafungua furushi alilokuwa amelikalia garini. Zilikuwa nyavu za dagaa, kuukuu, alizozishona mwenyewe zikapata umbo la goli. Nilikuwa nimezifua kwa sabuni, zikanuka. Nikazifua tena, zikanuka zaidi. Nilizifunga kwenye magoli yote mawili, pumzi nimeibana, maji ya samaki yakinichuruzika mkononi hadi kwenye kiwiko.

Mwenyekiti akasogea, akainama kwa mazoea yake, akakunja uso. "Nyavu zinanuka."

"Zinanuka dagaa, mwenyekiti," mama akamjibu. "Au leo umewasahau?"

Kijana wa pikipiki, yule wa upepo, akapiga mpira. Ukaingia, ukanasa, ukatulia, na hakuna aliyebishana. Mama akajifunga kanga vizuri, akaingia kiwanjani, akapita katikati taratibu kuelekea sokoni, na wachezaji wakausimamisha mpira mpaka apite. Nilimtazama hadi alipotokea upande wa pili. Kisha nikainusa mikono yangu, nikaenda kutafuta sabuni.