Simba wa Soko la Nkubu

Harufu ya rangi nyeusi ya viatu hunirudisha Kanyakine, nyuma ya jikoni kwetu, nikiwa msichana wa darasa la tatu, nimechuchumaa kando ya karai la maji ya mvua, namwogesha mbwa mdogo aliyekuwa akichuja kama leso mpya.

Tulikuwa tumemnunua Nkubu, siku ya soko. Wezi walikuwa wamewazoea kuku wetu, na baba alifanya kazi mbali, kwa hivyo mama akaamua tufuge mbwa mkali. Muuzaji alikuwa mwanamume wa maneno matamu, amevaa kofia ya sufu iliyoshuka hadi kwenye nyusi. Alituambia wazazi wa mbwa yule walikuwa mbwa wa polisi, na kwamba alikuwa amekwisha kuchanjwa. Akatuonyesha mgongo mweusi na masikio yaliyosimama wima, akaapa kwa marehemu mama yake. Mama yangu, ambaye hata nyanya hakununua bila kuibonyeza, siku hiyo aliamini.

Nilimpa jina Simba. Maji ya karai yalipokwisha kuwa meusi, Simba alibaki na rangi ya uji wa wimbi. Masikio nayo yakaanguka. Yalikuwa yamesimamishwa kwa gundi, na gundi ilipobanduka ilitoka na ngozi. Kisha akaanza kukohoa. Mimi hayo yote sikuyajali. Nilimbeba ndani ya sweta yangu ya shule, naye akawa ananyonya kifungo mpaka anasinzia.

Mama alijali. Hakumkasirikia mbwa, alikasirika kwa kufanywa mjinga. Alisema mtu akikuuzia kitu kwa uongo, una haki ya kukirudisha na kupewa pesa yako. Nililia, nikamsihi tubaki naye. Akaniahidi mwingine, mwenye afya. Siku ya soko iliyofuata tukarudi Nkubu, Simba akiwa kifuani mwangu.

Muuzaji kwanza alijifanya hatujui. Halafu akasema mbwa si redio, hauzwi na garanti, na watu wakacheka. Mama hakupandisha sauti. Alikwenda kumwita msimamizi wa soko, akamweleza yote, akamwonyesha vidonda vya masikio.

"Mimi sikununua rangi ya viatu," mama alisema. "Nilinunua mbwa mzima. Achukue wake, anipe pesa yangu."

Msimamizi akamwambia muuzaji arudishe pesa, la sivyo asionekane tena pale. Yule mtu akaitoa polepole, akitabasamu, akaiweka mkononi mwa mama. Kisha akanigeukia.

"Haya, msichana, leta mbwa wangu."

Nilimtazama mama. Akaitikia kwa kichwa. Nikafungua sweta. Yule mtu akamshika Simba miguu ya nyuma, akambamiza kwenye nguzo ya kibanda cha viazi, mara moja tu, kama anayekung'uta gunia. Akamtupa mtaroni, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Pesa yako umepata, mama," alisema. "Na mali yangu naifanya nitakavyo. Si hiyo ndiyo haki?"

Msimamizi alitazama kando, akasema watu waendelee na biashara. Nyuma yetu alikuwa amesimama mama mwingine, na kwenye kiondo chake alikuwa na mtoto wa mbwa, mgongo mweusi umebakia mabaka mabaka. Alikuwa ameleta malalamiko kama yetu. Akafunika kiondo kwa leso, akaondoka.

Mama alininunulia andazi. Nililishika mkononi hadi Kanyakine. Hatukununua mbwa mwingine.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba yule mtu alipandwa na hasira, nikamlaumu mama kwa kuitikia kwa kichwa. Sasa nimekuwa mtu mzima, nimeshughulika na wenye maduka na wenye nyumba za kupanga, na najua kwamba hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa kazini. Mbwa mmoja mgonjwa hakuwa hasara kwake, ikiwa kila mnunuzi aliyesimama pale angeona yanayompata mbwa anayerudishwa. Mama alijua haki yake, akaidai, akaipata. Yule mama mwenye kiondo naye aliijua, ndiyo maana alikuwa amekuja. Akaenda zake nyumbani bila kuidai.