Hodi Iliyopita Mlango Wangu

Mwaka niliotoka hospitali ya wagonjwa wa akili ndio mwaka niliokula vizuri kuliko yote. Kikwajuni nzima ilinihurumia kwa pilau. Kukiwa na harusi, sahani inakuja. Kukiwa na hitma, sahani inakuja, imefunikwa kawa safi. Aliyeileta huikabidhi kwa dada yangu ninayeishi naye, maana mimi, ingawa nimesimama pale pale, sikuwa tena mtu wa kukabidhiwa sahani.

Sikutaka pilau. Nilitaka kualikwa. Kwetu shughuli haiendewi mpaka mwalikaji asimame mlangoni kwako, apige hodi, akutamkie siku na saa kwa mdomo wake. Mwalikaji wa mtaa wetu ni bibi mmoja mwenye sauti ya kusikika mpaka Michenzani. Basi nikawa nasikia hodi kwa jirani wa kushoto, halafu kandambili zake zinapita mlangoni kwangu upesi upesi, halafu hodi kwa jirani wa kulia. Walisema ni huruma, kelele za ngoma zisije zikanirudisha nilikotoka. Huruma hiyo iliniuma kuliko sindano zote za hospitali.

Muuguzi mmoja, binti mdogo tu, akaniingiza katika kikundi cha watu waliougua kama mimi. Tulikutana kila wiki uani, nyuma ya duka la vitambaa Mlandege. Siku ya kwanza tukakaa kwenye mikeka, naye akatutaka kila mmoja aeleze anavyojisikia moyoni. Hebu fikiria kumuuliza Muunguja swali hilo mbele za watu. Wa kwanza akasema, "Alhamdulillah." Wa pili, "Alhamdulillah." Mvuvi mmoja wa Chwaka, mikono ikimtetemeka kwa dawa, akaongeza, "Alhamdulillah, mzima kabisa." Kikao kikaisha chai haijapoa. Kwa majibu yale, sisi ndio tuliokuwa watu wenye afya bora kisiwani.

Wiki iliyofuata muuguzi hakuuliza kitu. Alileta mchele na nyungo. Mikono ilipoanza kuchambua, midomo ikafunguka yenyewe. Mvuvi akasimulia jinsi wenzake walivyokataa kwenda naye tena baharini. Mimi nikasimulia zile kandambili. Nilianza kwa hasira, nikamaliza kwa kulia juu ya ungo, na nashukuru hakuna aliyeniambia nistahamili.

"Basi na sisi tusome maulidi," akasema muuguzi. "Tuwaalike hao majirani."

"Hawatokuja."

"Hata ukenda kuwaalika wewe mwenyewe?"

Hapo nikacheka. Aliyealikwa kwa mdomo hakosi bila udhuru, atasemwa mwaka mzima. Na akishakuja akala, shughuli yake ikifika hana budi kumwalika aliyemlisha. Nikavaa buibui langu zuri, nikajifukiza udi, nikaenda kupiga hodi, kwanza kwa mwalikaji mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akachungulia nyuma yangu kutazama nani kanisindikiza. "Umetoka peke yako, mwanangu? Nshawaambia wakuangalie."

"Nnaalika, bibi. Maulidi, Alkhamisi baada ya alasiri, Mlandege. Usitukose."

Masikini, kazi yake imemgeukia. Akasema inshallah.

Walikuja wote, wamejipamba kama wanakwenda harusi ya waziri, kwani nani atakosa kutazama vichaa bure? Taabu ni kwamba, ukinitoa mimi, hawakuweza kututambua. Mabuibui na kanzu zetu zilikuwa kama zao, na kasida tuliziitikia vizuri kuliko wao. Mwalikaji akapekua nyuso moja moja, mwisho akamchagua muuguzi wetu, aliyekuwa kajikunyata pembeni kwa uchovu, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Akamshika mkono.

"Pole, mwanangu. Utapona. Dawa zao unywe, usizitupe."

"Ahsante, bibi," akajibu muuguzi kwa adabu. "Niombee."

Kisha bibi akanigeukia mimi, akaninong'oneza kwamba yule binti hali yake bado, na je, anakula? Nikamwambia asiwe na wasiwasi, tunamwangalia.

Haukupita muda, mjukuu wake akawa anaolewa. Asubuhi moja nikasikia hodi kwa jirani wa kushoto. Nikasimama nyuma ya mlango wangu kama mwizi. Kandambili zikaja, zikapunguza mwendo, zikasimama.

"Hodi!"

"Karibu, bibi."

Hakuingia. Akasema kwa sauti yake ile ile, mtaa mzima ukasikia: "Ijumaa baada ya sala tunamenya vitunguu, harusi ya mjukuu wangu. Uje, na uje na kisu chako, vyangu vibutu."

Kwenye shughuli zetu kila mwanamke huenda na kisu chake. Nikageuka kwenda jikoni kuchukua changu, na njiani nikakumbuka kwamba tangu nirudi kutoka hospitali, nyumbani kwetu hakukuwa na kisu. Dada yangu alisema vimepotea, nami nilijitia kuamini kwamba visu vyote vya nyumba vinaweza kupotea siku moja.

Dada alikuwa kasimama ukumbini, kasikia yote. Akafungua fundo pindoni mwa kanga yake, akatoa ufunguo, akaingia chumbani kwake. Nikasikia kabati likifunguliwa. Alirudi na kisu changu, kimefungwa kitambaa. Nikakifungua. Muda wote ule alikuwa akikipaka mafuta, kisishike kutu.