Ng'ombe wa Chama cha Kuzikana

Ramadhani, mwenzangu wa shimoni, tulimzika kwa shuka langu la kulalia, kwa sababu mimi mtunza fedha sikuwa na senti ya sanda. Shimo lilituangukia wote wawili, nikatoka mimi.

Chama chetu cha kuzikana huko machimboni Geita kilikuwa cha Waislamu na Wakristo. Juma lililotangulia kifo chake nilinunua ng'ombe kwa fedha yetu yote, tuuze nyama gulioni tuongeze mfuko. Nikamtuma Maganga amwite Mzee Hamisi, mchinjaji wa Kiislamu. Akarudi ananuka pombe.

"Mzee kasema anza tu, Baba Yohana."

Nami Mkristo mjinga nikashika kisu.

Gulioni Mama Zuhura, mnunuzi wa kwanza, akauliza, "Kachinja nani?"

"Mimi mwenyewe!" nikajibu, kifua mbele.

Akairudisha nyama. "Basi kaile na ukoo wako."

Waislamu wote wakaondoka, na wao ndio wanunuzi wengi pale. Nyama ikaoza mikononi mwangu.

Pale kaburini Mzee Hamisi akasema mbele ya watu wote, "Mimi sikuitwa na mtu."

Maganga, njoo umwambie mjane wa Ramadhani ulikwenda wapi asubuhi ile.