Farasi Ana Viatu

Juzi Jumamosi nilisimama na watu wa Kariakoo langoni pa uwanja wa farasi, tukingoja mbio za nyika zimalizikie humo ndani. Wa kwanza kutokea alikuwa hamali wetu wa sokoni, tope la Jangwani limempanda hadi magotini, na nyuma yake hakuna hata kivuli cha mtu. Tukashangilia hadi koo zikauma. Askari wa lango akanyoosha rungu.

"Peku huingii. Zunguka mlango wa maboi, nyuma ya mazizi."

"Afande, niko mbioni! Nashinda!"

"Amri ya bwana mkubwa. Majani haya hakanyagi mtu peku."

"Na farasi je?"

Askari akamtazama kwa huruma. "Farasi ana viatu."

Wallahi, nimechekesha watu jukwaani miaka mingi, sijasikia mzaha mchungu kama ule, na aliyeusema hakuwa anatania. Hamali akazunguka. Alipotokea upande wa pili, bwana mmoja wa viatu vyeupe alikuwa keshakata utepe, na mwamuzi akamfutia hamali mbio zake zote, ati ameacha njia iliyopangwa! Kama miguu mitupu ni haramu, mbona asubuhi walimvika namba kifuani wakampigia filimbi aondoke?

Jumatatu nilimkuta sokoni na gunia la nazi mgongoni. Nikamwuliza kama mwakani atakimbia tena.

"Nitakimbia, kaka," akasema. "Ila kwanza nitafutie fundi anipigilie viatu vya farasi."