Maneno Mawili ya Fundi Spesi

Mume wangu ni fundi seremala, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Spesi. Wa kulaumiwa ni mchora ramani mmoja aliyempa kazi ya makabati ya jikoni, bwana ambaye hakuweza kumaliza sentensi bila kusema "limited space", yaani nafasi ni finyu. Kazi ilipoisha mume wangu alilipwa, na yale maneno mawili akaondoka nayo bure.

Tangu hapo hatulali. Mteja akitaka kabati la milango sita: "Limited space, mama." Fundi mwenzake akiomba kuhifadhi mbao kibandani: limited space. Hata mimi nikimwongezea chakula anajipapasa tumbo na kuniambia hivyo hivyo. Mwanzoni nilikuwa nacheka.

Kwa kazi yake lakini simtanii. Wenye vyumba vidogo wanamfuata kutoka mbali. Akiingia kwa mtu hatoi futi ya kupimia kwanza. Anawaambia wote walale sakafuni, kila mtu pale anapolala siku zote, baba, mama na watoto, halafu anawachora kwa chaki kuwazunguka. Watu hucheka mpaka machozi. "Kitanda ni cha mtu, si cha ukuta," anasema, na kile kinachobaki nje ya chaki ndicho anachokigawa: droo za chini ya kitanda, meza ya kukunjwa ukutani. Nimeona familia ikitoka kwenye kubanana na kupata hata pa kuweka cherehani.

Ndiyo maana aliponiudhi, aliniudhi kwelikweli.

Dada yake mkubwa, wifi yangu, alitoka hospitali moyo ukiwa umechoka, na daktari akamkataza kuishi peke yake. Huyu ndiye aliyemlea mume wangu mama yao alipokuwa vibaruani kutwa. Alimbeba mgongoni, akamwogesha, akamfundisha kuongea. Alipiga simu kuuliza kama anaweza kuja kukaa kwetu. Mume wangu akakohoa, akasema, "Dada, unajua hapa kwangu... limited space."

Nilimkodolea macho. Chumba cha nyuma kilikuwa kitupu tangu mama yao afariki. Tulikuwa tunaweka humo ndoo na feni mbovu.

"Huoni haya?" nikamuuliza alipokata simu.

"Mama watoto, wewe hujui."

"Nijue nini? Chumba kile hata tembo anageuka!"

Akachukua randa yake, akaenda zake kibandani.

Wifi hakungoja kuitwa. Wiki iliyofuata alishuka kwenye teksi na begi moja, akakaa sebuleni akihema, nami nikampa maji. Mume wangu akaingia na vumbi la mbao kichwani. Alipomwona alisimama pale pale mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kwenye simu ulinijibu Kizungu. Leo nijibu kwa lugha niliyokufundisha kuongea. Ukisema niondoke, nitaondoka, na kinyongo sina."

Nilikuwa nimeshika sinia, na sitaficha, nilitaka aumbuke. Mume wangu akatazama sakafu, kisha mlango wa chumba cha nyuma.

"Chumba kipo, dada," akasema mwishowe.

"Kipo?"

"Kipo. Mama alikata roho mle ndani nimemshika mkono. Nikifikiria na wewe ulale mle... Naogopa, dada. Sitaweza tena."

Akalia, mtu mzima na ndevu zake. Hasira zote zikaniisha. Miaka yote hii nimelala naye kitanda kimoja, na nilikuwa nimeamua kwamba ni mchoyo tu.

Wifi aliweka glasi chini, akamshika mkono, akamvuta akae karibu naye.

"Na mimi naogopa, mdogo wangu," akasema. "Ndiyo maana nimekuja."