Vitabu Vinne vya Darasa la Kwanza

Tasnifu yangu iliporudishwa, nilirudi mtaa wa Umoja kwa wazazi, nikakaa katika chumba walichokuwa wamekiongeza nyuma ya nyumba. Kosa lilikuwa moja: jedwali la sura ya tatu, ambalo nililikokotoa vibaya, na hoja zote zilizofuata zilikuwa zimesimama juu yake. Tangu hapo sikuweza kuandika hata orodha ya vitu vya sokoni bila kuisoma mara nne. Mama aliliona hilo. Jumapili moja baada ya ibada alinitaja kwa wazee wa kanisa, nao wakanipa kazi.

Kanisa letu lilikuwa linafungua shule ya msingi Januari, kwa kuanza na darasa la kwanza tu. Ukumbi ulikuwa umekwisha kugawanywa kwa mbao. Kilichobaki ni orodha ya masomo na vifaa, ambayo ofisi ya elimu ya jiji ilitaka kuiona kabla ya kutoa kibali. Mfumo mpya wa elimu ulikuwa umeingia karibuni, masomo yameongezeka, na kila mzazi mtaani alikuwa na maoni yake kuhusu lipi ni la maana na lipi ni la kupotezea mtoto wakati.

Tulikuwa wanne katika kamati. Mwenyekiti alikuwa karani wa mahakama za Makadara, mtu aliyekunja kila karatasi mara tatu kana kwamba ni hati ya mashtaka. Alikuwapo mwalimu mstaafu, mama mpole mwenye sauti nzito, ambaye ndiye angelifundisha darasa lenyewe. Alikuwapo dereva wa gari la mkate, ambaye binti yake wa mwisho alikuwa amekosa nafasi katika shule ya baraza la jiji. Tusipofungua Januari, binti huyo angekaa nyumbani mwaka mzima. Wa nne ni mimi.

Mengi tuliyamaliza kwa kikao kimoja. Biblia iwe kipindi cha kwanza kila siku. Hesabu, Kiingereza, sayansi na muziki havikuleta ubishi. Vya kuhesabia vitakuwa vifuniko vya soda, ambavyo dereva aliahidi kuviokota katika maduka anayopelekea mkate. Kadi za herufi mwalimu angezikata kutoka kwenye makatoni. Kazi za mikono tuliziahirisha. Kitabu cha kusomea Kiswahili kiliachwa mikononi mwangu: vitabu vinne vya mfano kutoka duka la vitabu mjini, na wiki moja ya kuvichunguza.

Nilikaa navyo wiki tatu. Nilichora jedwali la vigezo kumi na kimoja: ukubwa wa herufi, mpangilio wa sauti za herufi kutoka rahisi hadi ngumu, idadi ya maneno mapya katika ukurasa, maadili ya Kikristo, na kadhalika. Nilijiwekea alama ya kufaulu kabla ya kusoma, ili nisijipendelee. Orodha ilitakiwa ofisini Jumatatu. Jumamosi alasiri tulikutana sebuleni kwa mwalimu, tukaomba, tukamiminiwa chai, nami nikasoma ripoti yangu. Hakuna kitabu kilichofaulu.

“Vyote vimeanguka?” mwenyekiti aliuliza.

“Vyote, mzee.”

“Kumbe siku hizi hata vitabu vinafanya mtihani!” dereva alisema, akacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka. “Msomi, mtoto wangu anaanza kusoma lini?”

Nilisema ningehitaji siku chache zaidi, na nikaisikia sauti yangu ikisema maneno yale yale niliyokuwa nikimwambia msimamizi wangu chuoni.

Mwalimu aliweka kikombe chini. “Tusome basi, kwa zamu. Kama tunavyosoma Neno.”

Katika ushirika wetu wa nyumbani Biblia husomwa hivyo: kila mtu mstari wake, kuzunguka sebule, na aliyemaliza hunyamaza mwenzake aendelee. Sijapata kuona mtu akichukua mstari wa mwingine. Tukakubaliana kila mtu ukurasa mmoja.

Kitabu cha kwanza kilikuwa na mtoto aliyejenga sanamu ya theluji bustanini. Tulikifunga baada ya ukurasa wa pili. Katika cha pili mtoto alikosa, akalia, akaomba msamaha. Ukurasa uliofuata vivyo hivyo.

“Huyu anatubu kila siku,” dereva alisema. “Kwani amefanya nini jamani? Ameiba benki?”

Hata mwenyekiti alilazimika kufuta miwani yake. Cha tatu kilikuwa na herufi ndogo mno. Mwalimu alikirudisha mezani.

Cha nne ndicho kilichokuwa na alama za chini kabisa katika jedwali langu. Kilihusu kuku aliyepotea siku ya mvua na bibi aliyemtafuta nyumba kwa nyumba. Mwenyekiti alisoma ukurasa wake, nami wangu. Zamu ikamfikia dereva. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya ngumbaru, na bado aliburuta kidole chini ya kila neno. Alisoma polepole mpaka chini ya ukurasa. Kisha akaufunua uliofuata, ambao ulikuwa wa mwalimu, akaendelea. Mwalimu alikuwa amekwisha kuvaa miwani, akaivua. Hakuna aliyemzuia. Kidole kilipita ukurasa baada ya ukurasa hadi kuku alipoonekana ndani ya sufuria ya jirani, mzima, amelalia yai.

“Ala!” dereva alisema, akainua kichwa. “Samahani, mwalimu. Nimekula zamu yako.”

“Kula tu, baba.”

Mwenyekiti alikohoa. “Lakini Mungu hatajwi humo hata mara moja.”

“Atatajwa kipindi cha kwanza, kila siku,” mwalimu alijibu. “Hapa nataka wajue kusoma, ndipo wamsome wenyewe.”

Mwenyekiti akanigeukia, kalamu mkononi. “Msomi, wewe ndiye utakayetia sahihi chini. Unasemaje?”

Nilijua makosa ya kitabu kile kwa nambari za kurasa. Mpangilio wa sauti ulikuwa na kasoro, na ningeweza kuzungumza robo saa kuhusu kasoro hiyo. Nilimtazama dereva, alikuwa amerudi kwenye picha ya bibi na kuku, anaitazama.

“Andika hicho, mzee,” nikasema.

Aliandika. Akanisogezea karatasi, nikatia sahihi. Chai ilikuwa imepoa. Mwalimu akamimina nyingine, na mwenyekiti akauliza, sasa, kazi za mikono: kipindi kimoja kwa wiki au viwili?

“Viwili,” nilisema, kabla sijafikiri.