Ile A ya Pili

Dada Brashi alifika kwenye jengo jipya, ngazi begani na makopo ya rangi mkononi, akakuta milango imeshaandikwa. Fundi Saa. Duka la Dawa. Kinyozi. Milango kumi na mmoja, yote kwa mwandiko wake, na yeye hakuwa amechovya brashi.

Akasogea, akapitisha kucha. Stika.

Kazi ile mwenye jengo alimwahidi yeye, milango yote kumi na miwili. Hakusoma. Herufi alijifunza kwa kunakili mabango ya watu, na kwa brashi hiyohiyo akamsomesha mdogo wake, Kitinda, mpaka chuo cha kompyuta. Mwaka jana Kitinda alimletea daftari. "Niandikie herufi zote, dada, kila moja mara tatu. Na ile mikia ya mwisho wa neno, na zile zinazoshikana, k na w. Wanangu wakukumbuke." Dada Brashi akaandika Jumapili nne mfululizo, roho kwatu. Kumbe anamnolea mwenzake kisu.

Ndani akamkuta Kitinda huyo, kompyuta mezani, anamwonyesha mwenye jengo.

"Fonti yangu hii, mzee, huu mwandiko wa kompyuta, ina akili. Herufi ikijirudia, ya pili inabadilika yenyewe. Tazama 'saa'. Ile a ya pili inalala kidogo. Utadhani mtu kaandika kwa mkono."

"Mtu gani?" aliuliza Dada Brashi mlangoni.

Kitinda alishtuka, kisha akacheka kicheko cha meno tu. "Aa, dada! Karibu. Mzee, huyu dada yangu, naye huchorachora."

"Huchorachora! Haya, msomi, mwambie mzee hiyo a inalala kwa nini."

"Ni urembo tu, dada. Nimeubuni mimi."

Dada Brashi akatua makopo, akaweka dole gumba la kulia juu ya meza. Lilikuwa limepinda, ukucha umekufa.

"Urembo wenyewe huu hapa. Siku nakubebea sanduku la bati kwenda bweni, liliniponyoka likanipondaponda kidole hiki. Tangu hapo duara dogo, la a au la o, nalipinda vizuri mara moja tu. La pili kidole kinagoma, nailaza brashi. Ulilia siku ile, Kitinda. Ulinifunga kwa kitambaa chako cha shule."

Kitinda alitazama kompyuta. "Dada, usinitie aibu mbele za watu."

"Aibu unayo ya kutiwa?"

Mwenye jengo alitazama kidole, akatazama kioo cha kompyuta, akatazama kidole tena. Alielewa, hakuwa mjinga. Akakohoa. "Sasa, mama, stika zimeshabandikwa. Na kesho nikitaka nyingine, mdogo wako anabonyeza tu. Lakini umebaki mlango mmoja, huko nyuma. Huo uchukue wewe."

Ulikuwa mlango wa choo.

Mwingine angeondoka. Yeye alibeba ngazi mpaka nyuma, akapanda, akaandika. Alipofika kwenye zile o mbili akauma meno. Ya kwanza akaisimamisha. Ya pili, iliyozoea kulala, akailazimisha nayo isimame, ikasimama wima kama askari, kidole kikiwaka moto hadi kwenye kiwiko. Walau hii hawanayo, alijisemea.

Nyuma yake kitu kikalia ka!

Kitinda alikuwa amesimama na simu, macho yanang'aa kama ya mtoto aliyeokota kitu. "Dada, o hiyo sijawahi kuiona! Daftarini haimo. Hebu sogea kidogo, kivuli chako kinaniharibia."

Dada Brashi hakugeuka. Alichovya brashi koponi mpaka kwenye mpini, akaanza juu, pembeni, akaupaka mlango mzima, polepole, herufi moja baada ya nyingine, mpaka ukawa bluu tupu.

"Haya," alisema, akishuka. "Piga picha."